Tarakimu au Herufi?

Kompyuta haitambui maandishi ila kwa namba. Katika msimbo wa ASCII, tarakimu 0 huhifadhiwa kama 48, na herufi O kama 79. Ili kupata thamani ya tarakimu, programu ya lugha ya C huondoa 48 katika namba hiyo. Tuseme mwalimu anaingiza maksi 70, lakini badala ya sifuri anapiga herufi O. Programu isiyokagua itakokotoa 79 − 48 = 31, kisha 7 × 10 + 31 = 101. Mwanafunzi amezidi mia! Kinga ni amri isdigit, iliyomo katika maktaba ya ctype.h: hujibu sifuri ikiwa alama iliyoingizwa si tarakimu. Vivyo hivyo, isalpha hukagua herufi. Ukaguzi hutangulia hesabu.