Moshi Unaovukuta Moto

Barua ya juma hili imetoka Buswelu, hapa Mwanza. Kijana mwenye Toyota IST amepata tabo (turbo) kuukuu iliyofunguliwa kwenye Subaru Forester iliyokwisha kazi, naye anauliza: "Dada, nikiifunga mwenyewe itafanya kazi?" Itafanya. Kwa muda gani, hilo nitaligusa nafasi ikibaki.

Pistoni zinavyopanda na kushuka sielezi. Aliyekaa gereji nusu saa anajua. Nataka kwanza tuvuke Ziwa Viktoria hadi Kemondo, bandari ya mwisho kabla ya Bukoba. Huko ndiko yalikofukuliwa matanuri ya chuma yenye umri unaopita miaka 1,500. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wahenga wa Kihaya waliingiza mabomba ya udongo ndani kabisa ya tanuri, hewa ya mivukuto ikawa inapata moto kabla ya kufika kwenye makaa. Ufundi wa kutisha huo. Ila ulikuwa na gharama moja: mikono. Tanuri halishibi hewa, na kila pumzi yake inatoka mabegani mwa mtu anayevukuta, akichoka anapokewa na mwenzake. Wakati huohuo moshi mkali unatoka juu na kwenda zake bure.

Sasa mfikirie mvukutaji aliyechoka akiutazama moshi ule na kujisemea: huyu naye ana nguvu, kwa nini asivukute yeye? Moshi ukivukuta, moto unapanda. Moto ukipanda, moshi unazidi. Moshi ukizidi, mvukuto unakazana. Moto unajipulizia wenyewe. Wazo hilo ndilo alilolisajili Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, mwaka 1905, na ndilo lililomo ndani ya lile konokono la chuma aliloshika kijana wetu.

Lifungue uone. Kuna magurudumu mawili ya mapanga, kila moja ukubwa wa kiganja cha mtoto, yamefungwa kwenye mhimili mmoja. La kwanza linasukumwa na moshi wa ekzosi, ambao kwenye injini ya petroli unaweza kufika nyuzi 900. La pili, umbali wa vidole vichache tu, linavuta hewa ya Buswelu na kuishindilia kwenye injini. Mhimili unazunguka hata mara 150,000 kwa dakika, yaani 2,500 kwa sekunde. Gurudumu la sentimita 5 likienda hivyo, ncha za mapanga yake zinakimbia karibu mita 390 kila sekunde, na sauti inaachwa nyuma. Nikifika hapa huwa nasahau chai yangu. Kwa mwendo huo beringi ya gololi ya kawaida isingedumu, kwa hiyo kwenye tabo nyingi mhimili hauguswi na chuma: unaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko kucha. Oili ikikatika kidogo tu, chuma kinakutana na chuma.

Na jina je? Mafundi wanasema tabo, herufi moja tu kabla ya tabu, na wengi wamekwisha kuivuka herufi hiyo. Nimejaribu "kisukumahewa", lakini hata feni inasukuma hewa. "Kipulizo" kinanukia siku ya kuzaliwa. Mimi nashika mvukuto-moshi: neno la mhunzi lenye mwendeshaji wake ndani. Mhariri ameguna, aendelee kuguna.

Mwanza ina sababu ya ziada ya kuupenda mvukuto-moshi. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na hewa yetu ina kanieneo pungufu kama asilimia 13 kuliko ya Dar es Salaam. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege hadi kilele cha Pikes Peak, mita 4,300, kuonyesha kwamba tabo inarudisha nguvu inayoibwa na mlima.

Ila hapa injini inaachana na Wahaya. Tanuri lilipenda hewa ya moto, silinda inaichukia. Shindilia hewa ya nyuzi 27 kwa nusu ya baa, itatoka na nyuzi kama 85, imevimba, na faida yako ni theluthi moja tu ya hewa zaidi. Ipitishe kwenye intakula, yaani kipoza-hewa, ishuke hadi 45, unakaribia nusu. Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na intakula.

Nafasi imebaki kidogo. Injini ya IST, ikiwa ni ile 1NZ-FE, inakandamiza mchanganyiko mara 10.5, ilhali injini zilizozaliwa na tabo, nyingi zilikaa kwenye 8 au 9. Ukizidisha hewa bila kuongeza petroli na kurekebisha mwako, itagonga, na pistoni zitatoboka. Na nguvu ikizidi, breki nazo ziangalie.

Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye tabo liwe pana na literemke moja kwa moja hadi sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kisha pita Nyakato jioni, umtazame dereva wa lori anavyofika, anashuka, anaagiza chai, na injini bado inaunguruma. Anausubiri ule mhimili upungue moto kabla hajaukatia oili.