Anne Kansiime: Mchekeshaji wa milima ya Kabale aliyeshinda bila kuficha kwao

Mtu wa Butembo akifika Kinshasa na kufungua mdomo, watu wanajua palepale anatoka upande gani. Matamshi yake yanamtaja, na mara nyingi kuko wenye kucheka. Ndiyo sababu vijana wengi wanaojaribu kuchekesha Butembo na Beni wanaanza kwa kuficha matamshi hayo. Wanaiga Lingala ya Kinshasa, wanaiga sauti za watu wa televisheni, hata kama walio mbele yao ni watu wa Bulengera au wa Mulekera tu.

Nchini Uganda kuko mwanamke aliyefanya kinyume, na kazi yake ikafika mbali. Ni Anne Kansiime, ambaye wengi wamekwisha kuona vipande vyake vya video kwenye telefone bila kujua alianzia wapi. Kwao si mbali sana. Mtu akitoka Beni, akavuka mpaka kule Kasindi, akapita Kasese na Mbarara, barabara inamfikisha Kabale.

Kansiime alizaliwa tarehe 13 Aprili 1986 kule Mparo, kwenye milima ya Kabale, sehemu ambayo leo ni wilaya ya Rukiga. Alisoma sekondari kwenye shule ya wasichana ya Bweranyangi, kisha akaenda Kampala kwenye Chuo Kikuu cha Makerere. Huko alichukua masomo ya jamii. Hakusomea michezo ya kuigiza.

Mwaka wa 2007 aliingia katika kundi la Theatre Factory, lililokuwa linaigiza kwenye ukumbi wa Taifa wa michezo, Kampala. Kundi hilo lilipovunjika, wenzake walianzisha lingine kwa jina Fun Factory, naye akaendelea nao. Walikuwa wanapanda jukwaani kila Alhamisi jioni. Hapo ndipo kijana anayetaka kazi hii anapaswa kutazama vizuri. Kuchekesha kila wiki, mbele ya watu waliolipa, maana yake ni kuandika vitu vipya kila wiki. Ukirudia kichekesho cha Alhamisi iliyopita, watu wanakaa kimya, na kimya hicho kinakufundisha haraka kuliko mwalimu yeyote.

Baadaye televisheni ya Citizen ya Kenya ilimpa nafasi ya kufanya kipindi chake mwenyewe. Kiliitwa Don't Mess with Kansiime, maana yake usimchokoze Kansiime. Alianza pia kutia vipande vifupi kwenye YouTube. Kufika Novemba 2014, vilikuwa vimetazamwa zaidi ya mara milioni 15. Kisha akaanza kuitwa kwenye majukwaa ya nchi zingine, kutoka Kigali hadi London. Kutoka siku ya kwanza jukwaani hadi hapo ilikuwa imepita miaka saba.

Sasa, ni nini kinachochekesha ndani ya kazi yake? Uganda watu wanasema Wakiga, watu wa milima ya Kabale, ni wakali, wana nguvu na wanasema mambo wazi bila kuzunguka. Ni maneno ya kutania kabila, kama yale Wanande wanayosikia kila siku juu ya biashara na ubahili. Kansiime aliyachukua maneno hayo akayafanya silaha yake. Kwenye video zake anakuwa mwanamke ambaye hasukumwi. Awe nyumbani, dukani au ndani ya taksi, mtu anamjia na dharau, naye anajibu kwa Kiingereza chenye matamshi ya kwao, uso mkavu, mpaka yule mwenye dharau anakosa la kusema.

Mtu wa Zambia au wa Nijeria hajui Mkiga ni nani, lakini anamjua shangazi wa namna hiyo katika familia yake, na anamjua mkubwa wa ofisi anayestahili kujibiwa. Matamshi ya Kabale yanamsaidia kuamini kwamba huyo ni mtu kweli. Tena anayechekwa ni yule aliyejiona mwenye nguvu. Mnyonge hachekwi.

Jambo hili lina uzito zaidi Beni na Butembo. Mwaka uleule wa 2014, Kansiime alipokuwa anajulikana Afrika, mauaji ya raia yalianza katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba. Kisha Ebola ilikaa karibu miaka miwili, kutoka Agosti 2018 hadi Juni 2020. Tarehe 6 Mei 2021, utawala wa kijeshi ulianza Kivu ya Kaskazini. Familia nyingi zina msiba. Mchekeshaji akikosea mtu wa kumcheka, anaumiza mtu aliyezika ndugu yake juzi. Lakini kuko wa kuchekwa: tajiri anayetaka kupita mbele ya mstari kwenye bomba la maji, kiongozi anayefika saa tano kwa mkutano wa saa mbili, mume anayejidai mbele ya mke anayelisha nyumba kwa kuuza sokoni.

Hata saa ya onyesho ni neno la kufikiria. Kampala walicheza jioni. Mahali ambapo watu wanaogopa kutembea usiku, onyesho la Jumapili saa nane mchana linaweza kuleta watu wengi zaidi, mama na watoto wakiwa ndani.

Kansiime hakuacha kwao hata baada ya kujulikana. Kwenye ziwa Bunyonyi, karibu na Kabale, alifungua nyumba ya wageni yenye jina lake. Matamshi ambayo mwingine angeona haya nayo yalimlipia nyumba kwao.

Kijana wa Butembo mwenye Kinande kwenye ulimi anaweza kuanza na watu ishirini ndani ya chumba cha parokia, kila wiki, kwa Kiswahili anachosema na mama yake. Wakicheka wiki ya kumi, ndipo atoe telefone arekodi.