Kinyama Kwenye Mlango wa Kizazi: Mama, Usinyamaze

Akina mama wengi huona damu isiyo ya mwezi wakanyamaza. Mmoja anaona haya, mwingine anaogopa kuambiwa ana kansa. Leo tunaeleza jambo moja liletalo damu hiyo, ambalo kumbe hutibika upesi.

POLIPU NI NINI?
Ni kinyama laini, chekundu, kinachoota kwenye mlango wa kizazi na kuning'inia kama tunda kwenye kikonyo. Vingi havizidi sentimita 3. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha kuzaa, hasa wenye miaka 40 na kitu au 50 na kitu. Chanzo chake hakijulikani vizuri, lakini si uchawi, wala si ushahidi kwamba mama ametoka nje ya ndoa. Akina baba, tusiwalaumu wake zetu.

DALILI
Wengi hawasikii chochote. Kinyama huonekana wakipimwa kwa sababu nyingine. Wengine huona:
- damu baada ya kulala na mume;
- damu kati ya hedhi moja na nyingine;
- damu baada ya hedhi kukoma kabisa;
- uchafu mwingi ukeni.

KINATIBIWAJE?
Daktari hutazama ndani kwa kifaa maalum. Kikiwa kidogo, hukishika kwa koleo safi na kukizungusha mpaka kitoke. Ni kazi ya dakika chache, na kwa kawaida mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kinyama hupelekwa maabara kupimwa. Ni mara chache sana kukutwa na kansa. Mama mwenye mimba amwambie daktari mapema, kwani huenda akashauriwa kingoje mpaka ajifungue.

TAHADHARI
Kansa ya mlango wa kizazi nayo huleta damu ya namna hii hii. Ukiwa nyumbani huwezi kujua ni ipi. Kwa hivyo usijitie moyo kwamba ni kinyama tu, wala usikate tamaa kwamba ni kansa. Usiweke dawa ukeni, na usikubali mtu akukate kijijini. Nenda kituo cha afya utazamwe.

Hata usipoona dalili, ukiwa na miaka 25 hadi 49 uliza kituoni juu ya kupimwa kansa hiyo. Ikigunduliwa mapema, hutibika. Kama jirani yako anaona haya kwenda peke yake, mama, msindikize.