Shaba ya mlango isigeuke pinki: jinsi ya kuing'arisha kwa ndimu bila kuiharibu

Ndimu mbili, chumvi kidogo na kipande cha fulana kuukuu. Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe, Unguja, hivyo vinatosha kung'arisha misumari ya shaba ya mlangoni, sinia la kahawa au mrashi wa bibi pale sikukuu inapokaribia.

Dawa hii ni ya bei rahisi na inafanya kazi kweli. Tatizo ni kwamba ndimu hiyo hiyo, ikisahauliwa juu ya shaba kwa nusu saa au ikichuruzika kwenye mbao za mlango wa kale, huacha madhara ambayo hayaondoki kwa kusugua tena.

Tuanze na shaba yenyewe. Hii ya njano, inayong'aa kama dhahabu (wapo wanaoiita shaba nyeupe), ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Zikichanganyika zinatoa chuma kigumu kiasi, kisichoshika kutu nyekundu kama bati la paa. Lakini shaba nayo inachafuka. Hewa inaitia rangi ya kahawia, kisha nyeusi. Hewa ya bahari yenye chumvi inaitia ukijani, hasa kwenye mikunjo na chini ya vichwa vya misumari ambako unyevu unajificha.

Ndiyo maana msumari wa mlango unaoelekea bahari kule Forodhani au Shangani unachakaa upesi kuliko sinia lililofungiwa kabatini. Ikija masika, mwezi wa tatu hadi wa tano, ndiyo basi tena.

Ndimu inafanya nini?

Asidi iliyomo kwenye ndimu inayeyusha ule weusi. Chumvi inaiongezea nguvu, ndiyo maana ndimu tupu inachukua muda na ndimu yenye chumvi inaonyesha matokeo hapo hapo. Ukwaju una asidi yake na wapishi wa zamani waliutumia sana kwa masinia na masufuria. Siki pia inafaa. Ukichanganya siki, chumvi na unga wa ngano unapata uji mzito unaoganda pale unapoupaka bila kuchuruzika, na kwa kitu kilichosimama wima huo ndio bora kuliko vyote.

Kwa chombo kidogo, kamua ndimu mbili, tia kijiko kidogo cha chumvi, chovya kitambaa laini na usugue taratibu. Dakika moja mpaka tano zinatosha. Weusi ukilainika, acha. Usingoje mpaka chombo king'ae ndani ya ndimu, maana mng'ao wa mwisho hautoki kwenye asidi. Unatoka kwenye kusugua baadaye.

Kisha suuza kwa maji mengi yasiyo ya chumvi, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanafuta kwa kitambaa kibichi wanaona kazi imekwisha. Chumvi ikibaki kwenye nakshi, inavuta unyevu, na baada ya siku chache ukijani unarudi kwa kasi kuliko mwanzo. Osha kwa maji ya sabuni, suuza mara mbili, kausha kwa kitambaa, halafu weka chombo juani kidogo mpaka mikunjo yote ikauke.

Mbona imekuwa pinki?

Hili ni lalamiko la kawaida. Mtu anatumbukiza sinia kwenye beseni la ndimu, anakwenda sokoni Darajani, akirudi anakuta sinia limekuwa na rangi ya waridi kama shaba nyekundu. Wengine hufurahi wakidhani ndiyo usafi wenyewe.

Kilichotokea ni kwamba asidi imeanza kula chuma chenyewe baada ya kumaliza uchafu. Zinki hutoka upesi kuliko shaba nyekundu, kwa hiyo juu kunabaki shaba nyekundu peke yake. Isitoshe, shaba iliyoyeyuka ndani ya maji yale inaweza kurudi na kuganda juu ya chombo, hasa kama beseni ni la chuma au ndani yake umeacha waya wa kusugulia masufuria.

Ikiwa pinki ni nyepesi, inaondoka. Chekecha majivu mpaka yawe laini kama poda, yaloweshe kidogo, sugua. Chaki iliyopondwa inafaa, hata dawa ya meno nyeupe ya kawaida. Lakini kila ukisugua unapunguza chuma, na kwenye chombo chenye maandishi au maua membamba utaona baada ya miaka kwamba nakshi imefifia. Mchanga wa pwani na waya wa masufuria usivitumie kabisa. Mchanga unakwaruza, na waya unaacha vipande vidogo vya chuma ambavyo vitaota kutu nyekundu juu ya shaba yako.

Mlango si sinia

Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na milango yake ni sehemu kubwa ya sababu wageni wanakuja na kamera. Misumari mikubwa ya shaba iliyochongoka iko zaidi kwenye milango ya mtindo wa Kihindi. Waongozaji wa watalii hupenda kusimulia kwamba huko India misumari hiyo iliwekwa kuzuia tembo wa vita wasivunje milango. Unguja hakukuwa na tembo wa vita, kwa hiyo hapa ilibaki pambo na alama ya uwezo wa mwenye nyumba.

Sinia unalichukua unalipeleka uani, unalimwagia maji unavyotaka. Mlango hauhami. Msumari umepigiliwa kwenye mbao, mara nyingi msaji, na shina lake limeingia ndani. Ndimu ikishuka kwenye mbao inaacha doa. Chumvi ikiingia kwenye ufa inakaa humo ikivuta maji kila msimu wa mvua. Dawa nyeupe ya kopo nayo ikikauka pembeni ya msumari inaacha duara jeupe, na duara hilo unaliona kwenye milango mingi ya vichochoro vya mji. Mwenye nyumba amejitahidi, msumari unang'aa, lakini mbao iliyouzunguka imechakaa.

Dawa yake ni kipande cha plastiki ngumu. Chukua kifuniko cha ndoo kuukuu au ubavu wa dumu, kata tundu linalolingana na kitako cha msumari, kivishe, kisha fanya kazi yako juu yake. Askari wa zamani waling'arisha vifungo vya shaba vya sare zao kwa njia hiyo: walikuwa na kibao chenye mwanya, wanakipitisha chini ya kifungo ili dawa isiguse nguo. Kwa mlango tumia ule uji wa unga, kidogo kidogo, na ufute kwa vitambaa viwili vibichi mfululizo badala ya kumwaga maji.

Na si lazima kila mlango ung'ae. Ule ukahawia mwembamba uliotulia unaikinga shaba iliyo chini yake. Kwa mlango wa kale kweli kweli, kuufuta vumbi kwa kitambaa kikavu kila wiki na kuung'arisha mara moja kwa mwaka ni heri kuliko kuupiga ndimu kila mwezi. Ukijani ndio wa kuondolewa mapema, kwa sababu huo unaendelea kula.

Funzo kutoka maganda ya risasi

Kuna kitu kimoja ambacho shaba hii haikivumilii kabisa, nacho ni amonia. Walioligundua hilo kwa hasara ni wanajeshi.

Ganda la risasi ni shaba hii hii: sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Wakati wa utawala wa Waingereza nchini India, jeshi lao lilikuta maganda ya risasi yamepasuka yenyewe ghalani, bila kufyatuliwa. Ilikuwa ikitokea zaidi msimu wa mvua, na risasi nyingi zilikuwa zimehifadhiwa kwenye mazizi ya farasi. Mwaka 1921 wataalamu watatu wa Uingereza, Moore, Beckinsale na Mallinson, walieleza sababu yake. Mkojo wa farasi unatoa amonia, amonia ikikutana na unyevu inashambulia shaba pale ilipokunjwa au kubanwa kiwandani, na chuma kinapasuka. Ikaja kufahamika kwamba kulipasha ganda moto kwa kipimo baada ya kulitengeneza kunaulegeza mkazo huo.

Hali ya hewa ya Unguja kwa unyevu haiko mbali na ile. Shingo ya mrashi, ukingo wa sinia uliokunjwa na kichwa cha msumari uliogongwa kutoka bati jembamba, vyote vina mkazo wa namna hiyo. Kwa hiyo usisafishe shaba kwa dawa ya vioo yenye amonia, na usiihifadhi karibu na banda la kuku au mbuzi. Dawa nyingi za kopo za kung'arishia shaba nazo zina amonia kidogo. Ukizitumia, futa zote, zisibaki kwenye mikunjo.

Dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe nayo iweke mbali. Inaiharibu shaba, na ikichanganywa na ndimu, siki au amonia inatoa hewa yenye sumu. Hapo hatari inakuwa kwa mapafu yako.

Cha kufurahisha ni kwamba wale walenga shabaha wa Marekani na kwingineko, ambao sheria za kwao zinawaruhusu kujaza upya maganda yao, wamefika pale pale alipofika bibi wa Unguja. Wanayaosha maganda nyumbani kwa asidi ya ndimu ya unga, ile ya kutengenezea jemu: kijiko kidogo kwa lita moja ya maji ya moto, sabuni tone, dakika 10 hivi, kisha suuza sana na kukausha. Wakizidisha muda wanaona pinki, na wanajua wamekwenda mbali. Asidi hiyo ya unga inafaa hata kwa masinia, tena bila chumvi, jambo linalopunguza ile hatari ya ukijani kurudi.

Hapa kwetu ganda likiokotwa shambani au ufukweni halipelekwi kwenye beseni. Huwezi kujua kwa macho kama limekwisha kazi, na risasi si kitu cha kukaa nacho nyumbani bila kibali. Liache lilipo, waite polisi.

Kabla hujaanza, sumaku

Vitu vingi vinavyouzwa madukani kwa jina la shaba ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba kwa juu. Chukua sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu. Ikinata, ndani ni chuma, na ndimu itakuondolea ngozi ya juu ubaki na kutu. Isiponata, endelea, lakini angalia pia kama kitu kipya hakijapakwa vanishi. Chenye vanishi kinataka kitambaa kibichi tu.

Ukishamaliza na shaba imekauka, paka nta ya fanicha nyembamba sana, acha dakika chache, sugua mpaka kidole kisiteleze. Mafuta ya nazi, ambayo wengi huyakimbilia, yanatoa mng'ao wa siku moja. Yanashika vumbi, na yakichacha asidi yake inaanza kutengeneza ukijani upya.

Chombo cha kupikia au dele la kahawa lina hesabu nyingine. Vingi vya zamani vilipakwa bati jeupe kwa ndani ili chakula kisiguse shaba. Usiusugue huo mpako kwa ndimu wala majivu. Kama umebanduka na shaba inaonekana, chombo kitumike kwa pambo mpaka fundi akipake tena, kwa sababu vitu vichachu kama ukwaju na nyanya vinaiyeyusha shaba na kuiingiza kwenye chakula. Kinu cha shaba kisitumike kupondea kitu chenye ndimu, na shaba ya kuyeyushwa, kama vinu vingi vilivyo, mara nyingi ina risasi ndani yake, yaani lile timbo la sumu linalodhuru zaidi watoto. Vaa glavu wakati wa kusugua, na usifanyie kazi hiyo jikoni.

Maji yaliyobaki yakiwa na rangi ya kijani au buluu, yana shaba iliyoyeyuka. Yasimwagwe kisimani, kwenye bustani ya mchicha wala kwenye mtaro unaoshuka baharini. Yaongeze magadi mpaka yaache kutoa povu, yaache usiku kucha, tope la kijani litatulia chini. Chuja kwa kitambaa, kausha tope, litie kwenye mfuko na ulitupe pamoja na taka ngumu.