Jicho Lililoumia Ajalini na Fidia ya Maumivu Yake

Anayeumia barabarani na kuamua kudai fidia, mara nyingi huja na bahasha ya stakabadhi: za dawa, za kulazwa, za nauli ya kwenda hospitali na kurudi. Huomba arudishiwe fedha alizotumia, naye huona kwamba haki yake inaishia hapo. Tunaandika makala haya kwa sababu haki hiyo ni pana zaidi. Maumivu yenyewe, hofu ya kupoteza nuru ya jicho na maisha yaliyobadilika baada ya ajali vinaweza kufidiwa, ijapokuwa hakuna duka linalotoa stakabadhi yake.

Chukulia mfano wa fundi cherehani wa Makanyagio, katika Manispaa ya Mpanda, aliyepanda bodaboda kuelekea Nsemulwa. Gari dogo linaigonga pikipiki, kioo cha taa kinapasuka na kipande chake kinatoboa jicho lake la kulia. Uzembe ni wa dereva wa gari. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye chombo cha moto kinachotumika barabarani kuwa na bima ya kuwafidia watu wengine watakaodhurika, yaani bima ndogo kama inavyofahamika mitaani. Fundi huyu si mteja wa kampuni ya bima na hakulipa ada yoyote kwake, lakini bima hiyo ilikatwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Madai yake yana sehemu mbili. Ya kwanza ni hasara mahsusi: gharama za matibabu, usafiri, miwani, mapato aliyoyakosa alipokuwa kitandani. Mahakama ya Rufani, katika shauri lililoripotiwa mwaka 1992, ilisisitiza kwamba hasara ya namna hii lazima itajwe bayana katika madai na ithibitishwe kwa ukamilifu. Kiasi kisichothibitishwa hakilipwi, hata kama kila mtu anajua kwamba kilitumika.

Sehemu ya pili ni fidia ya jumla, na humo ndimo yanamoingia maumivu na mateso. Hakuna jedwali lililopanga bei ya jicho. Hakimu hupima kwa busara yake, akitazama ukubwa wa jeraha, muda wa maumivu, umri wa mdai, kazi yake na mambo ambayo hataweza kuyafanya tena. Kwa hiyo anayesema tu kwamba aliumia sana humpa hakimu kazi ngumu. Mwenye jicho moja hupoteza uwezo wa kupima umbali kwa usahihi, hasa wa vitu vilivyo karibu: hutia uzi kwenye sindano mara tano ndipo upite, humimina chai nje ya kikombe, hushtushwa na mtu anayemjia kwa upande usioona. Kwa fundi cherehani hayo ndiyo maisha yake ya kila siku. Tunashauri yaandikwe katika daftari, pamoja na tarehe, tangu wiki ya kwanza: usiku aliokosa usingizi, siku alizoshindwa kuvumilia mwanga, mishono aliyoiharibu na wateja waliohama. Mwenzi, jirani au mwanafunzi wake wa kazi anaweza kutoa ushahidi wa yale aliyoyaona.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, huwagharimu waliojeruhiwa macho kuliko jingine lolote, nalo ni haraka ya kutia saini. Kampuni ya bima inapokubali kulipa, humpa mdai hati ya kukiri kwamba malipo hayo yanamaliza madai yote. Ukishaisaini, ni vigumu mno kurudi kudai zaidi. Jicho nalo halina haraka ya kuonyesha madhara yake yote. Mtoto wa jicho unaotokana na kipigo unaweza kujitokeza miezi au miaka baadaye. Presha ya jicho inaweza kupanda polepole bila maumivu na kuua mshipa wa kuona. Na jeraha lililotoboa jicho moja linaweza, kwa nadra, kuufanya mwili ulishambulie jicho la pili lililokuwa zima. Hali hiyo huweza kuanza wiki chache baada ya ajali au baada ya miaka. Kwa hiyo usitie saini kabla daktari bingwa wa macho hajaandika taarifa inayoeleza uwezo wa kuona uliobaki katika kila jicho, hatari zinazotarajiwa na matibabu ya mbele. Jicho la bandia nalo huchakaa na kuhitaji kubadilishwa. Gharama hiyo iombwe sasa.

Kusubiri huko kuna mpaka wake. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 3 ya kufungua shauri la madhara ya aina hii. Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi saa hiyo, hata yakiwa ya kirafiki kiasi gani.

Kuhusu nyaraka, anza na polisi. Fomu namba 3, maarufu PF3, ndiyo inayounganisha jeraha na ajali. Baada yake fuatilia ramani ya eneo la ajali, taarifa ya ukaguzi wa vyombo na taarifa ya mwisho ya polisi. Dereva akitiwa hatiani, omba nakala ya hukumu, kwa kuwa hatia hiyo ni ushahidi wenye uzito mkubwa katika shauri la madai. Faini aliyolipa, hata hivyo, ni ya Serikali. Wewe hupati chochote humo. Andika namba ya usajili wa gari na uhakiki bima yake katika mfumo wetu wa TIRA MIS, maana stika iliyobandikwa kiooni peke yake si uthibitisho. Barua ya madai ipelekwe kwa mmiliki wa gari na kwa kampuni ya bima, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukilazimika kwenda mahakamani, iarifu kampuni kwa maandishi kabla ya kufungua shauri.

Kampuni inaweza kujibu kwamba nawe ulichangia madhara, pengine kwa kutovaa kofia ngumu. Hoja hiyo ikithibitika, fidia hupunguzwa kwa kiwango cha mchango wako. Haifutwi.

Walioumia kazini wako katika njia nyingine. Mfanyakazi wa mgodi aliyerukiwa na kipande cha mwamba jichoni hudai katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaolipia matibabu, ulemavu na mafao mengineyo. Maumivu yenyewe si fao linalojitegemea humo. Mchimbaji mdogo wa Dirifu au Ibindi asiye na mwajiri hana mlango huo, na miwani ya kinga ni rahisi kuliko madai yoyote tunayoyajua.

Jihadhari na vishoka wanaozunguka hospitalini na vituoni wakiahidi kushughulikia malipo kwa sharti la kugawana. Asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itamwelekeza kwa wasaidizi wa kisheria walio karibu. Kampuni ikikaa kimya au ikikataa bila sababu ya maandishi, leta malalamiko kwetu au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiambatisha nakala za barua zenye muhuri. Nyaraka halisi baki nazo nyumbani.