Fundi wa jua kali azeekapo, nani atamtunza?

Ukitoka kituo cha mabasi ya Machakos jijini Nairobi ukielekea Kamukunji, utaisikia kazi kabla hujaiona. Nyundo zinagonga mabati tangu alfajiri, na mbele ya vibanda kumepangwa majiko, karai, sufuria na masanduku ya wanafunzi wa shule za bweni.

Huenda hata sanduku ulilobeba ulipojiunga na kidato cha kwanza lilitoka hapa. Je, uliwahi kujiuliza aliyeliunda ataishi vipi siku mikono yake itakapochoka?

Mikono ndiyo mali ya fundi. Bati likimkata, au mgongo ukikataa kuinama, mapato hukoma siku hiyo hiyo. Hana likizo ya ugonjwa wala kiinua mgongo.

Si wachache walio katika hali hii. Takwimu za serikali zaonyesha kwamba ukiondoa wakulima wadogo, zaidi ya wafanyakazi 8 kati ya kila 10 humu nchini wamo katika jua kali: mafundi, akina mama mboga, vinyozi, wachuuzi na waendeshaji bodaboda.

Taabu ni kwamba mipango ya kuwakinga wafanyakazi iliundwa ikimfikiria hasa mtu wa mshahara. Hazina ya NSSF ilianzishwa mwaka wa 1965 na bima ya NHIF mwaka wa 1966, na zote zilimtegemea mwajiri akate pesa kila mwisho wa mwezi. Mtu anayejiajiri atakatwa na nani?

Ndivyo ilivyo pia kuhusu ajali. Sheria ya mwaka wa 2007 humtaka mwajiri amlipe fidia mfanyakazi aliyeumia kazini, hata akiwa mwanagenzi. Kijana anayejifunza kazi chini ya fundi ana haki hiyo, ingawa wengi hawaijui. Lakini fundi mwenyewe, ambaye hana mwajiri, hana wa kumdai.

Mnamo Oktoba 2024, NHIF ilitoa nafasi kwa mamlaka mpya ya afya, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Anayejiajiri huulizwa maswali kuhusu hali ya maisha yake, akakadiriwa kiasi chake, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa pamoja.

Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka, kwa fundi na jamaa yake. Kwa mtu anayekula alichopata leo, kuzipata 3,600 kwa mkupuo ni mlima. Hata hivyo, hesabu yake kwa siku haifiki shilingi 10.

Hapa ndipo chama kinaweza kusaidia. Watu wa jua kali ni hodari wa kuchangiana kwa karo, matanga na harusi. Chama kinachokusanya shilingi 10 zaidi kwa kila siku ya mwanachama kitaweza kuwalipia wote waliokadiriwa kiwango hicho mwaka ukianza.

Kuhusu uzee, NSSF ilianzisha mwaka wa 2019 mpango wa Haba Haba, ambao mtu huweka shilingi 25 kwa siku kupitia simu. Akiweka siku 26 kila mwezi, atakuwa na shilingi 7,800 kwa mwaka, na baada ya miaka 20 shilingi 156,000, mbali na faida.

Tuseme ukweli: pesa hizo hazitamlisha mzee miaka 15. Lakini zitampa mwanzo, na anayeanza akiwa na miaka 25 atamshinda mbali anayengoja hadi 45.

Wengi hujibu kwamba watoto ndio pensheni yao. Zamani jibu hilo lilitosha. Siku hizi mtoto huyo yuko mjini, analipa kodi ya nyumba na karo ya wanawe, na pengine naye ni wa jua kali.

Kwa hivyo, ewe mwanafunzi, jioni ya leo mwulize baba au mama swali moja: mkiugua kesho, ni nani atakayelipa? Kama jibu ni kimya, chukueni kalamu na karatasi mpige hesabu ya shilingi 10 pamoja.