Simu Nayo Ina Stoo: Ulichoshika Ukiachilie

Huko Dagahaley, katika kambi za Dadaab, Kaunti ya Garissa, watu huchangishana kwa zamu. Wasomali huuita mchango huo ayuuto. Tuseme kijana wa kikundi ametengeneza programu ya iPhone ya kuweka hesabu za ayuuto. Siku ya mkutano programu inajifunga kabla malipo hayajahifadhiwa. Nani atalaumiwa? Mweka hazina! Kumbe kosa laweza kuwa ni la kumbukumbu ya simu.

Kumbukumbu hiyo ni kama stoo ya mitungi ya maji ya kikundi. Anayechukua mtungi anaweka alama daftarini. Akimaliza anafuta yake. Wawili wakiutumia mmoja, alama ni mbili. Alama zikiisha, mtungi unarudi stoo.

Lugha ya Objective-C, iliyotumika sana kuandikia programu za iPhone, hufanya vivyo hivyo. Kila kitu ndani ya programu kina hesabu ya wanaokishika. Mwanachama ni kitu. Jina lake na mchango wake ni sifa zake, na kila sifa hushika kitu kingine. Ukibadilisha sifa kwa mkono:

1. Shika kipya kwanza.
2. Achilia cha zamani.
3. Weka kipya mahali pake.
4. Mwanachama akiondolewa, aachilie vyote alivyoshika.

Mbona kipya kwanza? Pengine kipya na cha zamani ni kitu kile kile. Ukianza kuachilia, hesabu yaweza kufika sifuri, kitu kikafutwa, ukabaki umeshika hewa. Hapo programu huanguka. Na ukisahau kuachilia, stoo hujaa kidogo kidogo mpaka simu iifunge programu.

Mwaka 2011 Apple ilileta njia ya kuandika hesabu hizo bila mkono wa mtu. Simu za Android nazo hufagia zenyewe vitu visivyotumika. Lakini kwenye iPhone tatizo moja lilibaki: kikundi kikimshika mwanachama, naye akikishika kikundi, hakuna anayeachilia. Dawa ni mmoja amjue mwenzake bila kuweka alama.

Kwa hiyo programu ihifadhi kila malipo papo hapo, na daftari la karatasi lisitupwe.

Maswali ya kujadili:
- Nani katika kikundi chetu hukagua vifaa vilivyoazimwa?
- Simu ikizima leo, hesabu zetu ziko wapi?